Masihi ya Handel katika rekodi nne: namna ya kuchagua itakayokufaa

Mwanakwaya aliyezoea kuimba "Haleluya" ya Handel siku ya Pasaka, na ambaye sasa anataka kusikiliza kazi nzima ambamo wimbo huo umetolewa, hukutana na tatizo asilolitarajia. Akiandika neno Messiah katika programu yoyote ya muziki, huletewa rekodi nyingi kuliko anavyoweza kuzisikiliza, na baadhi yake hutofautiana kiasi kwamba mtu angeweza kudhani ni kazi za watunzi wawili. Katika moja matoazi yanalia na kwaya inanguruma; katika nyingine waimbaji wachache wanapokezana maneno kama watu wanaozungumza chumbani. Kwa kuwa kazi hii huchukua takriban saa mbili na nusu, hakuna anayeweza kuzijaribu zote, na ndiyo maana ulinganisho wenye vigezo vya wazi una manufaa.

Chanzo cha tofauti hizo kimo katika historia ya kazi yenyewe. George Frideric Handel aliiandika Masihi kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741, akitumia maneno ambayo Charles Jennens aliyachagua kutoka katika Biblia, na ikaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 1759, Handel aliendelea kuibadilisha kulingana na waimbaji aliowapata: wimbo ulioandikiwa besi ukapewa alto, mwingine ukafupishwa, mwingine ukaandikwa upya. Baada yake wengine waliikuza zaidi. Mwaka 1784, katika Westminster Abbey, ilitumbuizwa na watu zaidi ya 500. Mwaka 1789 Mozart aliongeza ala nyingine. Na katika karne ya 19 Waingereza waliifanya kuwa tamasha la maelfu ya waimbaji. Kwa hiyo hakuna rekodi inayoweza kudai kuwa ndiyo Masihi kamili, kwa sababu kila moja husimamia siku fulani katika maisha marefu ya kazi hii, na msikilizaji anachochagua hasa ni siku ambayo angependa awepo.

Vigezo vya ulinganisho huu

Nitazipima rekodi nne kwa mambo matano. La kwanza ni toleo la nota, yaani Masihi ya mwaka gani na iliyopangwa na nani. La pili ni kwaya: ni watu wangapi, wa aina gani, na wanaimba kwa mwendo upi. La tatu ni ala na kimo cha sauti, jambo linalomgusa moja kwa moja anayetaka kuimba pamoja na rekodi. La nne ni waimbaji wa solo. La tano ni ubora wa kurekodi na urahisi wa kuipata.

Vigezo hivi havina uzito sawa. Baada ya kuishi na kazi hii kwa muda mrefu, ninaamini kwamba swali la kwaya ndilo linaloongoza mengine yote. Idadi ya watu wanaoimba huamua kasi ambayo nyimbo zinaweza kuchukua, na kasi huamua uzito wa ala zinazoweza kuandamana nazo, na mambo hayo mawili kwa pamoja huamua kama msikilizaji atayasikia maneno au atasikia wingi wa sauti. Ndiyo sababu nitakaa zaidi kwenye kigezo hicho kuliko vingine.

Rekodi zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni ya Sir Thomas Beecham ya mwaka 1959, akiwa na okestra na kwaya ya Royal Philharmonic, iliyotolewa na kampuni ya RCA. Ya pili ni ya Colin Davis ya mwaka 1966, akiwa na okestra na kwaya ya London Symphony, chini ya Philips. Ya tatu ni ya Christopher Hogwood, iliyorekodiwa mwaka 1979 na kutolewa mwaka 1980 na L'Oiseau-Lyre, ambamo okestra ya Academy of Ancient Music inashirikiana na kwaya ya kanisa kuu la Christ Church la Oxford. Ya nne ni ya John Butt na kikundi cha Dunedin Consort cha Scotland, ya mwaka 2006, chini ya Linn Records. Nimezichagua hizi kwa sababu kila moja inasimama mahali pake bila kuigeza nyingine, na mtu akizielewa nne hizi ataweza kuitambua karibu rekodi yoyote nyingine inaelemea upande gani.

Toleo la nota

Beecham hakujaribu kuirudia siku yoyote ya Handel, na hakuficha hilo. Alimwagiza Eugene Goossens aandike upya mpangilio wa ala kwa okestra kubwa ya kisasa, na matokeo yake ni Masihi yenye trombone, kinubi, matoazi na pembetatu ya chuma, ala ambazo Handel hakuziandika popote katika kazi hii. Nyimbo kadhaa ambazo kwa desturi zilikuwa zikiachwa zimewekwa mwishoni kama nyongeza, jambo linalomlazimu msikilizaji anayefuata maandiko kwa mpangilio kuruka huku na huko. Hata hivyo mpangilio huo ni mrithi halali wa desturi iliyoanzia mwaka 1784, na kwa zaidi ya miaka 150 Masihi ambayo watu wengi waliijua ilikuwa ya namna hiyo, kubwa na ya kishindo. Anayeikataa kwa sababu tu si ya mwaka 1742 anaikataa pia sehemu ya historia ya kazi yenyewe.

Davis alifanya kinyume chake huku akibaki na okestra ya kisasa. Aliondoa nyongeza za karne ya 19 na kurudi kwenye ala ambazo Handel aliziandika, akapunguza kwaya na kuharakisha mwendo. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, lakini mwaka 1966 liliwashtua wengi, na rekodi hii, pamoja na ile ya Charles Mackerras iliyofanywa kipindi hichohicho, ndiyo iliyofungua mlango ambao wengine wote waliupitia.

Hogwood alichagua mwaka mmoja mahususi, yaani 1754, ambapo Masihi iliimbwa katika Hospitali ya Foundling ya London, kituo kilicholea watoto waliotelekezwa na ambacho Handel alikifadhili kwa tamasha za kazi hii tangu mwaka 1750. Uzuri wa mwaka huo ni kwamba hesabu za malipo zimehifadhiwa, hivyo tunajua okestra ilikuwa na fidla 14, viola 6, selo 3, besi 2, obo 4, basuni 4, pembe 2, tarumbeta 2 na timpani, na kwamba kwaya ilikuwa na waimbaji wapatao 19. Kwa mtu anayetaka kujua Handel alisikia nini katika miaka yake ya mwisho, hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Butt alirudi nyuma zaidi, mpaka Dublin mwaka 1742. Hapo utasikia mambo yasiyomo katika matoleo yaliyozoeleka. Maneno ya Malaki yanayouliza ni nani atakayestahimili siku ya kuja kwake hayaimbwi kama wimbo mrefu wenye moto wa msafisha fedha, bali kama usemi mfupi wa besi, kwa sababu wimbo maarufu tunaoujua leo Handel aliuandika baadaye, mwaka 1750, kwa ajili ya mwimbaji Gaetano Guadagni. Katika toleo la Hogwood maneno hayohayo yanaimbwa na soprano. Anayeupenda sana wimbo huo katika sauti ya alto hataupata hivyo kwa Hogwood wala kwa Butt, na ni vyema alijue hilo mapema.

Kwaya na mwendo

Hapa ndipo tofauti zinapodhihirika kwa sikio lolote, hata lisilo na mafunzo. Wimbo mzuri wa kupimia ni ule wa Isaya, "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa", ambao kwa Kiingereza ni For unto us a child is born. Watu wengi hawajui kwamba muziki wake Handel aliutoa katika wimbo wa mapenzi wa Kiitaliano alioutunga mwezi Julai mwaka 1741 kwa sauti mbili za soprano na ala chache tu. Ile mikimbio mirefu ya nota kwenye neno la kuzaliwa, ambayo huwatoa jasho wanakwaya wa sauti zote nne, iliandikwa kwanza kwa waimbaji wawili wepesi waliofundishwa kupamba sauti. Ukilishika hilo, utajua cha kusikiliza: je, kwaya inaweza kuikimbia mikimbio ile kwa wepesi huo, au inailemea?

Kwaya ya Beecham ni kubwa, na haikimbii. Mikimbio inasikika kama wimbi moja, ambamo nota mojamoja huungana na jirani zake, na shangwe yote inawekwa kwenye yale maneno manne ya majina ya mtoto, Mshauri wa ajabu na mengine yanayofuata, yanayopasuka kwa nguvu zote za kwaya na okestra. Nguvu hiyo ni ya kweli na inatikisa. Katika "Haleluya", sauti ya kwanza inapopanda ngazi kwa ngazi juu ya "Mfalme wa wafalme", huku matoazi yakilia chini yake, ni vigumu mtu kubaki ameketi. Beecham, tofauti na wengi waliomtangulia katika desturi ile, hakuwa mtu wa kukokota mwendo. Nyimbo kadhaa anazipeleka kwa uchangamfu. Kinachopotea ni mazungumzo baina ya sauti. Sauti ya pili na ya tatu zinapokuwa na jambo la kusema, mara nyingi zimefunikwa.

Kwa Davis mambo yanabadilika sana. Kwaya imepunguzwa, mwendo ni wa haraka, na kila sauti inaingia kwa makali yake, kiasi kwamba anayejifunza anaweza kuifuata sauti yake tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo wingi wa watu wazima wenye sauti zilizokomaa bado upo, na nyimbo kubwa hazikosi uzito. Ningesema kwamba kwaya hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kile ambacho kwaya nzuri ya kanisa au ya chuo, yenye wanawake kwa wanaume, inaweza kutamani kukifikia.

Kwaya ya Hogwood ni ya wavulana na wanaume peke yao. Sauti ya kwanza inaimbwa na wavulana ambao sauti zao hazijavunjika, na rangi yake ni nyembamba, nyeupe, isiyotikiswa. Kwa masikio yaliyozoea kwaya za akina mama wenye vifua vipana, jambo hili linaweza kuonekana baridi mwanzoni, na baadhi ya wasikilizaji hawalizoei kamwe. Lakini katika wimbo wa mtoto aliyezaliwa rangi hiyo inafanya kazi ya ajabu: mikimbio inakuwa safi, kila nota inasimama peke yake, na furaha inakuwa ya kitoto kwa maana halisi. Katika nyimbo za hukumu na mateso, kwa upande mwingine, mtu anaweza kutamani kifua zaidi.

Butt ana waimbaji wapatao kumi na wawili tu, na waimba solo wanatoka ndani ya kwaya hiyohiyo na kurudi tena humo. Matokeo yake ni makubwa kuliko idadi inavyopendekeza. Katika "Sisi sote kama kondoo tumepotea", wimbo mwingine uliozaliwa kutoka katika ule wimbo wa Kiitaliano, unasikia watu mmojammoja wakitawanyika kila mmoja kwa njia yake, kama maneno yanavyosema, na mwishoni, mwendo unapopungua ghafla na uovu wa wote kuwekwa juu ya mmoja, unatambua kwamba waliokuwa wakicheka sasa wanajua walichofanya. Hakuna rekodi miongoni mwa hizi nne iliyonifanya niyasikie maneno hayo kwa uzito huo. Gharama yake ni kwamba "Haleluya" ya watu kumi na wawili haiwezi kujaza uwanja, na anayeisubiri ngurumo hataipata.

Ala na kimo cha sauti

Beecham na Davis wanatumia ala za kisasa, zenye nyuzi za chuma na tarumbeta zenye vali, na kimo chao ni cha kawaida cha leo. Hogwood na Butt wanatumia ala za zamani au nakala zake: fidla zenye nyuzi za utumbo na pinde nyepesi, tarumbeta ndefu zisizo na vali, na hapsikodi, kinanda cha zamani cha nyuzi, inayoshikilia mdundo. Katika wimbo wa besi unaosema parapanda italia, tarumbeta isiyo na vali inatoa sauti yenye ukwaru mtamu ambayo ile ya kisasa haiwezi kuiga, na inaandamana na mwimbaji bila kumfunika. Tofauti kati ya wawili hao ni kwamba okestra ya Dublin ilitegemea hasa ala za nyuzi, tarumbeta na timpani, ilhali ile ya Foundling ina obo na basuni zinazoipa sauti mwili na utomvu zaidi.

Lipo jambo la vitendo ambalo walimu wa kwaya wanapaswa kulijua. Rekodi za ala za zamani kwa kawaida ziko chini kwa takriban nusu toni ukilinganisha na kinanda cha leo, hivyo "Haleluya" iliyoandikwa katika ufunguo wa D inasikika karibu na C kali. Ukijaribu kupiga kinanda pamoja na Hogwood au Butt utadhani kuna kilichoharibika. Dawa ni kushusha kinanda kwa nusu toni, jambo ambalo vinanda vingi vya umeme huruhusu, au kuchagua Davis kwa ajili ya mazoezi. Wanaoimba kwa nota za sol-fa, kama ilivyo desturi ya kwaya nyingi za Afrika Mashariki, hawana shida hiyo, kwa kuwa do huhama popote ufunguo unapohamia. Wao wanaweza kujifunza kutoka katika rekodi yoyote, na huenda sauti ya kwanza ikafurahia kupumzishwa kidogo kwenye zile nota za juu.

Waimbaji wa solo

Baada ya utangulizi wa ala peke yake, uimbaji wa Masihi huanza kwa sauti ya tatu, katika wimbo "Watulizeni mioyo", unaojulikana kama Comfort ye, na namna mwimbaji anavyoingia hapo huonyesha tabia ya rekodi nzima. Kwa Beecham ni Jon Vickers, Mkanada ambaye sauti yake ilikuwa ya kuigiza mashujaa wa opera, na faraja anayoitangaza inatoka kwa nabii aliyesimama mlimani. Wenzake ni Jennifer Vyvyan, Monica Sinclair na Giorgio Tozzi, wote wenye sauti nzito za jukwaani. Kwa Davis ni John Wakefield, mwenye utulivu na usafi zaidi, akiwa pamoja na Heather Harper, Helen Watts na John Shirley-Quirk. Harper na Watts ni hazina. Katika "Alidharauliwa na kukataliwa na watu", alto ya Watts inabeba huzuni bila kuigiza huzuni, na kwa wimbo huo peke yake rekodi hii ingestahili kusikilizwa.

Kwa Hogwood sauti ya tatu ni Paul Elliott, na kuna soprano wawili, Judith Nelson na Emma Kirkby, ambao uimbaji wao ulinyooka bila mtikisiko mwingi na ulibadilisha fikra za watu kuhusu sauti ya muziki wa Baroque, yaani wa enzi ya Handel. Carolyn Watkinson anaimba alto na David Thomas besi. Wanapamba nyimbo zao pale mstari unaporudiwa, kama waimbaji wa karne ya 18 walivyotarajiwa kufanya, jambo ambalo Beecham hakulijali na ambalo Davis alilifanya kwa kiasi. Kwa Butt, Nicholas Mulroy anaanza kwa karibu sana, kama mtu anayekuambia wewe, na Susan Hamilton, Annie Gill, Clare Wilkinson na Matthew Brook wanafuata njia hiyo. Hakuna kati yao mwenye sauti ya kupasua vioo. Brook hasa ana kipaji cha kutamka, na ukimsikiliza huku Biblia ikiwa wazi mbele yako hutahitaji kukisia neno lolote.

Ubora wa kurekodi na upatikanaji

Zote nne zimerekodiwa kwa stirio na zinapatikana katika programu kubwa za muziki. Ya Beecham inaonyesha umri wake: nyimbo zenye watu wengi zinasongamana, na kwenye spika ya simu husongamana zaidi. Ya Davis imehifadhiwa vizuri kwa miaka yake. Ya Hogwood ni angavu, yenye mwangwi wa kanisa. Ya Butt ndiyo iliyo wazi kuliko zote, na kwa sababu waimbaji ni wachache inabaki kueleweka hata kwenye vipokea sauti vya bei ndogo.

Katika kutafuta, angalia mwaka. Davis aliirekodi Masihi tena mwaka 1984 akiwa na kikundi cha Redio ya Bavaria, na tena London mwaka 2006. Rekodi hizo ni nzuri ila ni nyingine kabisa. Beecham naye alikuwa na mbili za awali, za 1927 na 1947. Tazama majina ya waimba solo niliyoyataja, nayo yatakuonyesha kama umeipata unayoitaka.

Inamfaa nani

Beecham anamfaa anayetafuta Masihi kama ibada kuu ya umma, mtu aliyezoea mwimbo wa umati na anayetaka kusikia utukufu ukiwa na ukubwa wa mwili. Hamfai anayechambua nota, wala anayetaka kufuata maandiko kwa mpangilio bila kukatizwa. Davis anamfaa mwanakwaya na mwalimu wake, na yeyote anayeogopa kwamba ala za zamani zitakuwa ngeni masikioni. Hogwood anamfaa anayetaka ushahidi wa historia na anayependa usafi wa sauti kuliko joto lake. Butt anamfaa anayesikiliza kwa ajili ya neno, iwe kwa imani au kwa upendo wa masimulizi, na pia anayesikiliza akiwa peke yake usiku.

Wapo watakaojikuta kati ya Davis na Hogwood, wakitaka ala za zamani lakini sauti za solo zenye nguvu zaidi. Hao nawaelekeza kwa rekodi ya Trevor Pinnock na The English Concert ya mwaka 1988, ambamo Arleen Auger na Anne Sofie von Otter wanaimba kwa utajiri wa sauti ambao Hogwood hakuutafuta.

Kulingana na hali yako

Ikiwa hujawahi kusikiliza kazi nzima na una muda mdogo, usianze na saa mbili na nusu. Chagua nyimbo tatu, "Watulizeni mioyo", "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa" na "Alidharauliwa", zisikilize kwa Davis na kwa Butt mfululizo, na fuata moyo wako ulikoelekea. Nyimbo hizo hazitamaliza bando, na zitakuonyesha zaidi ya maelezo yoyote.

Ikiwa kwaya yako inajiandaa kuimba "Haleluya" au sehemu ya kwanza yote wakati wa Krismasi, tumia Davis kwa mazoezi ya kila sauti, kwa sababu kimo chake kinaafikiana na kinanda chenu na mwendo wake unafikika. Halafu, wiki chache kabla ya siku yenyewe, waombe wanakwaya wasikilize wimbo huohuo kwa Butt, ili wale wanaodhani kwamba nguvu ni kelele wasikie watu kumi na wawili wanavyoweza kufanya kwa matamshi. Kwaya ndogo ya watu kumi na watano au ishirini isiyaonee haya maumbile yake. Idadi hiyo iko karibu na ile iliyoimba Masihi katika Hospitali ya Foundling mwaka 1754, na rekodi ya Hogwood ni kioo chake cha haki. Kwaya ya muungano wa makanisa, inayokusanya mamia ya watu, haina sababu ya kujilazimisha kukimbia kama kikundi cha Scotland. Mfano wake ni Beecham, ila iige mwendo wake wenye uchangamfu na si uzito peke yake.

Ikiwa unafundisha historia ya muziki, weka Beecham na Butt pamoja katika kipindi kimoja, wimbo mmoja tu, na uwaache wanafunzi waeleze kilichobadilika kabla hujataja mwaka wowote. Na ikiwa unanunua zawadi ya Pasaka kwa mzazi aliyeimba kwaya miaka mingi, muulize kwanza kwa upole kwaya yake ilikuwa na watu wangapi.